Makorokoro ya Stoo

Katika nyumba nyingi za Songea kipo chumba kimoja ambacho mgeni haonyeshwi. Atakaribishwa sebuleni, ataelekezwa choo kilipo, na akilala atapewa chumba na shuka safi. Lakini mlango mdogo ulio kati ya jiko na ukuta wa nyuma utabaki umefungwa, na ufunguo wake umefundikwa kwenye pindo la khanga ya mama mwenye nyumba. Hiyo ndiyo stoo. Neno tumelichukua kwa Waingereza, nalo limeyasukuma kando maneno ghala na bohari, ambayo siku hizi tumeyaachia serikali na vyama vya ushirika. Ghala ni la taifa. Stoo ni ya nyumbani, na mambo yake hayasemwi hadharani.

Nimepata kusoma historia ya Songea iliyoandikwa na wamisionari, na maofisa wa kikoloni, na wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Humo mna vita, wafalme, misheni na mazao ya biashara. Sijaona aliyeandika habari za stoo, wala simlaumu mtu, maana nani angekaa kuandika habari za misumari iliyopinda na chupa tupu? Hata hivyo, baada ya kuipanga upya stoo ya wazazi wangu iliyoko Matarawe, naamini chumba kile kinazo habari za mkoa huu ambazo vitabu havina. Kila kilichotunzwa mle kilitunzwa kwa sababu siku moja kilikosekana.

Kazi hiyo nilikabidhiwa na ndugu zangu baada ya mavuno ya mwaka jana, na sababu haikuwa usafi. Mjukuu wa dada yangu, mtoto wa miaka minne, alikutwa nyuma ya nyumba akichezea kopo lenye unga mweupe, alilolichukua stoo wakati mlango ulipoachwa wazi kwa dakika chache. Unga ule ulikuwa dawa ya kuhifadhia mahindi. Mtoto alioshwa, akapelekwa hospitali, akarudi salama. Usiku uleule familia ilikaa kikao, na kwa kuwa mimi ndiye niliyestaafu na sina mahali pa kukimbilia, kazi ikawa yangu. Mama, ambaye amevuka miaka 80, hakupinga. Alitoa sharti moja tu, kwamba kisitoke kitu bila yeye kukiona.

Siku ya kwanza sikupanga chochote. Nilitoa vitu nje nikavitandaza juu ya turubai chini ya mwembe, na majirani waliopita waliuliza kama tunahama. Yalikuwapo magunia tisa ya mahindi, na juu yake fremu ya baiskeli isiyo na magurudumu. Yalikuwapo majembe ya chapa ya mamba na mengine ya kiwanda cha UFI cha Ubungo, yaliyolika mpaka yakawa madogo kama kiganja. Taa za chemli tatu na karabai moja. Madebe. Kopo la Kimbo lililojaa misumari ambayo marehemu baba aliing'oa kwenye mbao kuukuu akainyoosha kwa nyundo, mmoja mmoja. Vipande vya mpira wa baiskeli, kamba za katani, vizibo vya chupa, betri za National zilizokwisha nguvu miaka mingi, za wakati ule tulipokuwa tukizianika juani ili redio iseme tena kwa nusu saa. Bunda la mifuko ya salfeti iliyokunjwa vizuri kuliko nguo zangu. Na nyuma kabisa, chini ya vyote, sanduku la bati la babu. Mpwa wangu aliyekuja kunisaidia, kijana wa Dar es Salaam, aliyatazama makorokoro yale akasema, "Mjomba, hapa kinachohitajika ni kiberiti tu."

Kijana alizaliwa mahali ambapo duka liko chini ya ngazi. Ili kuielewa stoo ya Songea ni lazima kwanza kuielewa barabara. Kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000. Reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975 haikutugusa. Ilipita Makambako, karibu kilomita 300 kaskazini mwetu. Barabara ya kutoka Makambako ilikuwa ya udongo mpaka ilipowekwa lami katika miaka ya 1980, na ile ya kwenda pwani kupitia Tunduru ilingoja mpaka miaka ya 2010. Kifuku kilipoingia mwezi Desemba malori yalizama kwenye milima ya Lukumburu yakakaa huko, na mji ukaanza kuihesabu chumvi. Mtu wa Morogoro aliyekosa sabuni leo aliweza kungoja treni ya kesho. Sisi tulingoja jua la Mei. Mwanamke aliyeolewa hapa bila kujifunza kuweka akiba alijifunza katika kifuku cha kwanza, tena mbele ya mama mkwe.

Juu ya umbali huo yakaja mambo ya taifa zima. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi vijijini ili nafasi yao ichukuliwe na maduka ya ushirika, na bidhaa za jumla zikawa mikononi mwa kampuni za biashara za mikoa, zile RTC. Kisha bei ya mafuta ikapanda duniani, vita vya kumng'oa Idi Amin vikaja mwaka 1978 na 1979, na fedha za kigeni zikakauka. Waliokuwa watu wazima wakati huo hawahitaji kukumbushwa. Sabuni, sukari, mafuta ya taa, khanga, betri, hata viberiti, vilipatikana kwa kadi au kwa kujuana. Watu walifua kwa majani ya mpapai. Chupa tupu ikawa mali, kwa kuwa asiyekuja na chupa hakupimiwa mafuta. Ndiyo habari ya zile chupa 41 nilizozihesabu chini ya mwembe.

Lipo jambo moja la miaka hiyo ambalo napenda kulieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu vijana hawalijui. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, serikali ilianza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Ilitungwa sheria maalumu, mahakama maalumu zikaundwa, na msako ukaingia madukani na majumbani. Watu wengi walifurahi, nami nikiwa mmoja wao, maana tulikuwa tumechoshwa na waliokuwa wakificha bidhaa ili waziuze kwa bei ya kuruka. Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, nililia kama wengine, na mpaka leo sijaona sababu ya kuyarudisha machozi yale. Lakini msako ulileta swali lisilo na jibu jepesi. Akiba ya nyumbani inageuka lini kuwa ulanguzi? Miche mitano ya sabuni ni matumizi. Miche 50 je?

Mama alikuwa nayo 62. Aliikusanya kwa zaidi ya miaka miwili, mmoja mmoja, mingine kwa kubadilishana na maharage, akaipanga uvunguni mwa kitanda. Hakupata kuuza hata kipande. Habari zilipofika kwamba huko mijini watu wanatupa bidhaa mitaroni usiku, baba alitaka yote ipelekwe kwenye ofisi ya chama. Mama alikataa. Siku tatu mfululizo, giza likishaingia, aliibeba kwenye tenga na juu ameifunika kwa kisamvu, akaigawa kwa dada zake na mawifi zake wa Lizaboni, Majengo na Mfaranyaki, kila nyumba miche michache, kiasi ambacho hakuna askari angekiita ulanguzi. Hakuna aliyekuja kutupekua. Mambo yalipopoa miche 58 ilirudi. Ile minne mama anajua mpaka leo ilitumiwa na nani, lakini hajapata kumtaja. Mitatu ya miche hiyo niliikuta stoo, imekuwa migumu kama jiwe, rangi imekwenda.

Wakati wa sabuni nyumba yetu haikuwa na stoo. Chumba chenyewe kina mwaka wake wa kuzaliwa, nao ni 1988. Kabla ya hapo chakula kilikaa nje kwenye kihenge kilichosukwa kwa fito na mianzi, kikakandikwa udongo, kikasimamishwa juu ya magogo. Mahindi yaliwekwa pamoja na maganda yake. Mbegu za mwakani zilining'inizwa juu ya moto jikoni, moshi ukazilinda. Utaratibu huo uliwatosha fukusi, ambao walikula sehemu yao wakatuachia yetu. Haukumtosha dumuzi.

Dumuzi ni mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kati, na katika Afrika Mashariki alionekana kwanza huko Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Watu walimbandika jina la Scania, kama yale malori makubwa, kisha akaenea nchini kupitia biashara ya mahindi. Mdudu huyu hutoboa gunzi zima na maganda yake, hula muhogo mkavu, hutoboa hata mbao na mianzi ya kihenge chenyewe, akaacha vumbi mahali palipokuwa na chakula. Wataalamu wa kilimo walishauri mahindi yapukuchuliwe, yachanganywe na dawa ya unga, yatiwe kwenye magunia. Ushauri ulikuwa mzuri, ila ulibadilisha ramani ya nyumba. Mahindi yaliyopukuchuliwa hayawezi kukaa uani. Yanataka paa, mlango na kufuli. Baba akakibomoa kihenge, akawahamishia kaka zangu wawili sebuleni, na chumba chao kikawa stoo. Kaka mkubwa husema mpaka leo kwamba alifukuzwa nyumbani na mdudu.

Na mahindi yalikuwa mengi. Hapa Ungoni zao la fedha lilikuwa tumbaku ya moshi, iliyouzwa kupitia chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilichoanzishwa mwaka 1936. Mahindi yalikuwa ya kula. Mambo yaligeuka katikati ya miaka ya 1970, serikali ilipoweka bei moja kwa nchi nzima. Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, lililipa gunia la Songea sawasawa na gunia la Morogoro, na gharama ya umbali ikabebwa na serikali. Mbolea ikaja kwa ruzuku, nyingi kutoka kiwanda cha Tanga kilichoanza kazi mwaka 1972. Ruvuma ikawa miongoni mwa mikoa minne iliyotegemewa kulisha taifa, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa. Kisha kati ya mwaka 1991 na 1994 ruzuku ikaondolewa hatua kwa hatua, bei ya mbolea ikapaa, na wakulima wengi wakabaki na mifuko mitupu. Watu huuita mfuko huo salfeti kwa sababu tuliufahamu kwanza ukiwa umebeba salfeti ya amonia. Mbolea imekwenda, jina limebaki kwenye mfuko. Mama anayo mifuko 37 ya namna hiyo. Nilipomwuliza yote ni ya nini alinijibu, "Mavuno hayatangazi idadi yake."

Kilichonishangaza kuliko yote hakikuwa ndani ya stoo. Nilipotaka kuhesabu chakula cha nyumba niligundua kwamba mama ana mahindi mengine kwenye pipa chumbani kwake, na kibuyu cha mbegu zilizochanganywa na majivu juu ya dari ya jiko la nje. Nikamwomba tuvilete vyote mahali pamoja, ili hesabu iwe moja na panya wawindwe katika chumba kimoja. Aliniangalia kwa muda.

"Chakula chote hakilali mlango mmoja," alisema.

"Lakini mama, siku hizi hakuna vita."

"Hata bibi yangu aliambiwa hivyo."

Bibi yake alikuwa msichana mdogo wakati wa Maji Maji. Vita hivyo vilianza katika milima ya Umatumbi mwezi Julai 1905, vikafika Ungoni mwezi Septemba. Kila mtu aliyesoma shule hapa anajua habari za wazee wetu walionyongwa mjini tarehe 27 Februari 1906, na za Songea Mbano, aliyenyongwa naye pia, ambaye mji huu unaitwa kwa jina lake. Kila mwaka tunawakumbuka kwenye makumbusho pale Mahenge, palipo na mnara na kaburi la pamoja. Lakini kilichoua watu wengi zaidi hakikuwa kitanzi wala risasi. Majeshi ya Wajerumani, chini ya Gavana von Götzen, yalipoona kwamba wapiganaji wamehamia porini, yalikigeukia chakula. Vihenge vilichomwa moto, mashamba yakateketezwa, nafaka iliyosalia ikachukuliwa kuwalisha askari. Wajerumani wenyewe walitaja vifo 75,000 kwa maeneo yote ya vita. Mwanahistoria G.C.K. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao walikufa kwa njaa.

Kihenge kilikuwa kirefu, kimesimama uani, kinaonekana kutoka mbali. Askari hakuhitaji kuuliza chakula kiko wapi. Bibi wa mama aliokoka, kama alivyosimulia, kwa sababu mama yake alikuwa amefukia mtungi wa ulezi nyuma ya kichuguu kabla ya vita, kwa kuogopa wezi tu. Tangu hapo katika ukoo ule kila binti alifundishwa kugawa akiba mahali patatu. Mama alifundishwa hivyo, na sasa nakumbuka kwamba hata zile sabuni za mwaka 1983 alizitawanya kwa namna ileile. Sikuligusa pipa, wala kibuyu.

Tulikaa chini ya mwembe siku tatu, mimi nikiinua kitu kimoja kimoja na mama akitoa hukumu. Baada ya saa chache niliutambua mwendo wake. Hakuuliza kama kitu kinafanya kazi. Aliuliza kama kikitoka kitapatikana tena, na kwa nani, na kifuku. Majembe yaliyolika yalibaki, kwa kuwa fundi anaweza kuyafua yakawa visu vya kupalilia. Misumari ya baba ilibaki, wala sikuithubutu. Betri zilitoka bila ubishi. Chupa 30 zilitoka, 11 zikabaki, kwa maelezo ambayo sikuyaelewa.

Kwenye taa tulibishana. Kwa miaka mingi umeme wa Songea ulitoka kwenye jenereta za dizeli, na dizeli ilikuja kwa barabara ileile niliyoieleza, hivyo giza lilikuwa sehemu ya juma. Mwaka 2018 njia ya umeme wa msongo wa kilovoti 220 kutoka Makambako ilifika, tukaunganishwa na gridi ya taifa. Hapo nilikuwa na hoja. Mpwa wangu naye alikuwa amepata mnunuzi, mtu wa hoteli aliyetaka kuitundika karabai yetu ukutani kuwa pambo, na alitaja bei ambayo ingenunua taa kumi za jua. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwamba yuko mtu anayenunua karabai ambayo hataiwasha. Aliiuza siku hiyohiyo. Chemli mbili zikatoka. Moja ikabaki, imejazwa mafuta, utambi umekatwa, na kiberiti kimefungwa kwenye mpini wake.

Mifuko ya Rambo haikuhitaji mjadala, kwa maana sheria ilikwisha kuamua. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, nasi tulikuwa na kilo kadhaa za mifuko hiyo, imekunjwa pembetatu, imepangwa kwenye debe. Zamani ilikuwa ikioshwa na kuanikwa kwenye kamba pamoja na nguo. Tuliikabidhi kwenye ofisi ya mtaa, na mama akarudi na debe.

Makopo ya dawa ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Lile alilolichukua mtoto lilikuwa moja kati ya manne, yote hayana maandishi, karatasi zimeliwa na mende, na yalikaa rafu moja na chumvi. Mama hakujua tena lipi ni la mahindi, lipi la tumbaku, lipi la mchwa. Baba ndiye aliyejua, naye hayupo. Nadhani hali hiyo imo katika nyumba nyingi za mkoa huu, kwa kuwa tulihimizwa kutumia dawa kwa miaka mingi kuliko tulivyofundishwa kuzitunza. Majirani walishauri tuzimwage chooni au tuzifukie. Sikukubali hata moja. Mito na chemchemi zinazounywesha mji huu zinaanzia kwenye milima ya Matogoro na maji hayana ukuta; kinachofukiwa bustanini leo kitachimbuliwa na mtoto mwingine au kushuka kisimani. Nilivaa glovu, nikayatia makopo kwenye ndoo yenye mfuniko, nikamwita afisa ugani wa kata. Alikuja, akayatazama bila kuyafungua, akaondoka nayo kwenda kuyakabidhi kunakohusika. Rafu ile nimeing'oa kabisa, nikaichoma, nikaukwangua ukuta.

Kupanga kwenyewe kulikuwa kazi ya siku moja. Fundi alinitengenezea chaga ya mbao juu ya matofali, ili gunia lisiguse sakafu likanyonya unyevu, na tuliliacha kila gunia likae mbali na ukuta kwa upana wa mkono. Hilo si pambo. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu kadhaa katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mafuta ya taa na rangi vimehamia kwenye kibanda cha kuni. Mbolea imehamia huko pia. Kila gunia lina kipande cha boksi chenye mwezi lililofungwa, na lililotangulia kuingia ndilo hutangulia kutoka.

Nilinunua pia mifuko ile isiyopitisha hewa, yenye matabaka matatu, ambayo ilibuniwa miaka ya 1980 huko Kameruni na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kwa ajili ya kunde za wakulima wa huko. Haihitaji dawa. Mfuko ukishafungwa barabara wadudu waliomo humaliza hewa, wakashindwa kula na kuzaana. Mama aliupapasa.

"Sasa mahindi yatapumua wapi?"

"Ndiyo shabaha yenyewe, mama. Mdudu asipumue."

"Na mahindi je?"

Aliniruhusu magunia mawili, saba yaliyobaki yakakaa kwa desturi. Tuliyafungua mwezi Februari, kifuku kikiwa kimekolea. Moja lilikuwa safi kabisa, punje zinang'aa, bila vumbi. La pili panya alikuwa amelitoboa upande wa chini, na dumuzi walikwisha kuingia kupitia tundu hilo. Mama hakusema neno, ila mwezi uliofuata tulipata paka. Mavuno ya safari hii ameniruhusu magunia matano.

Limebaki sanduku la babu. Yeye alikuwa mmoja wa manamba, wale vijana wa Ungoni walioandikishwa kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga. Baada ya mwaka 1944 uandikishaji huo ulifanywa na ofisi ya wenye mashamba iliyojulikana kama SILABU, na Songea ilikuwa moja ya sehemu zilizotoa watu wengi. Wengi waliporudi walirudi na sanduku la bati, shuka na blanketi. Ndani ya lile la babu hamkuwa na shuka. Mlikuwa na kipande, kadi ya kazi yenye nafasi 30 za siku 30. Kwa desturi ya mashamba yale mtu alilipwa kadi ikijaa, siyo kabla. Ya babu ilikuwa na alama 24. Aliugua, akarudishwa nyumbani, na siku 24 za kukata mkonge hazikulipwa. Aliitunza kadi ile kwa miaka yote iliyobaki ya maisha yake, akamwachia mkwewe, yaani mama.

Dada alipendekeza tuipeleke makumbusho, ikawekwe kwenye kioo pamoja na mikuki na ngao. Mimi niliunga mkono. Mama alisema haiwezekani, kwa sababu babu alimkabidhi kama deni, na deni halijalipwa. Tukaifunga kwa nailoni, tukairudisha sandukuni na vipande vitatu vya sabuni juu yake, na sanduku tumeliweka kwenye rafu mpya ya juu, mbali na unyevu. Pembeni yake kuna nafasi ya debe moja, ambayo mama amesema isijazwe kwanza.